Maji Bondeni, Watu Mlimani

Mtwara ni mji ambao barabara zake zilizaliwa kabla ya watu wake. Nilifika jioni kwa basi la Dar es Salaam, nikapanda bodaboda kwenda Shangani, tukaingia kwenye barabara pana iliyonyooka kama uzi wa fundi mwashi. Pande zote mbili mikorosho, nyasi, nyumba moja yenye ua, nyasi tena, kiwanja cha mpira, kisha nyasi. Nilimwuliza kijana aliyenibeba kama tumeshatoka mjini. Akacheka mpaka pikipiki ikayumba.

"Hapa ndiyo mjini kwenyewe, kaka. Mzungu alipima viwanja, watu hakuleta."

Mzungu wa kijana yule ana tarehe zake. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kwenda baharini, na ghuba ya Mtwara ina kina ambacho bandari nyingi za Afrika zinakitamani. Ukachorwa mji, ikatandazwa reli. Karanga hazikukubali. Udongo wa Kongwa ukikauka hugeuka saruji, matrekta yakavunjika, mvua ikasusa, na mwanzoni mwa 1951 London ikaunyoshea mpango mikono ulipokwisha kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, bandari nzuri ikisubiri mzigo uliokwisha kufa. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Kilichobaki ni mchoro, na nafasi kati ya nyumba na nyumba.

Nimeanza na nafasi hizo kwa sababu ndizo zilizonileta. Kila aliyesoma jiografia katika shule zetu anaikumbuka ile orodha: taja sababu sita zinazofanya watu wakae kwa wingi mahali fulani. Maji. Udongo wenye rutuba. Hali ya hewa. Barabara. Viwanda. Usalama, ambao mwalimu aliuweka mwisho na ambao wengi tuliuruka. Orodha hiyo inajibu vizuri sana ukiipeleka Misri, ambako karibu watu wote wamebanana kwenye utepe wa Mto Nile na jangwa wamewaachia ngamia. Inajibu vizuri pia Rwanda, kwenye vilima vyenye mvua na udongo mzuri, watu zaidi ya 500 kila kilometa ya mraba. Nilitaka kuiona ikijibu huku kusini, penye mto mkubwa ambao hakuna mji uliokubali kukaa kando yake.

Hesabu kwanza, nisije nikaisahau. Sensa ya Agosti 2022 iliukuta Mkoa wa Mtwara na watu 1,634,947. Ni mkoa mdogo, kwa hiyo wanafika karibu 98 kwa kilometa ya mraba. Lindi, jirani wa kaskazini, ni mkubwa mara nne hivi na una watu 1,194,028. Hapo wastani unashuka hadi 18. Bahari ileile, pepo zilezile, korosho zilezile. Nani aliwapanga hivi?

Mikindani niliipita asubuhi, mwendo mfupi kutoka mjini. Ni ghuba tulivu kama bakuli la maziwa, na nyumba za mawe ya matumbawe ambazo miti ya mtini imeanza kuzila kutoka juu. Hapa ndipo David Livingstone aliposhuka mwaka 1866 kuanza safari ambayo hakuimaliza akiwa hai, na hapa Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1895. Biashara ya watumwa, pembe, sandarusi na mpira iliujaza mji huu. Kisha bandari ya karanga ikajengwa upande wa pili na mji ukahamia huko taratibu, duka baada ya duka. Sikukaa sana. Mikindani ina uzuri wa bibi kizee anayejua alikuwa mzuri, na mimi nilikuwa na basi la kuwahi.

Basi lilikuwa la Newala. Ukiacha Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, njia inaanza kupanda pole pole kiasi kwamba huoni kama unapanda mpaka masikio yazibe. Ilikuwa Novemba, msimu wenyewe. Chini ya kila mkorosho kulikuwa na mtu ameinama: mama, mtoto wa shule, mzee na kigoda chake. Mabibo yaliyokamuliwa yalikuwa yameanikwa juani, na harufu yake, tamu yenye uchachu, iliingia dirishani na kukaa nasi kama abiria. Jirani yangu, mama wa makamo mwenye gunia la chumvi miguuni, aliniambia nisidanganyike na harufu. Uraka, pombe ya mabibo, mwaka huu ni mwepesi.

Na nyumba! Kutoka Tandahimba hadi Newala kijiji kinashika mkono wa kijiji. Bati, bati, bati, mkorosho, msikiti, kanisa, ghala la chama cha msingi, bati. Niliangalia nikitafuta mto. Nikatafuta kijito, hata mfereji. Hakuna. Uwanda wa Makonde ni mchanga na udongo mwekundu unaokunywa mvua kama sifongo. Maji hupotelea chini na kuja kuchomoza kwenye mabonde, mamia ya mita huko chini. Kwenye kila ua nilichoona ni shimo lililosakafiwa kwa saruji na mfereji wa bati kutoka paani. Mvua ikinyesha, familia inakimbilia kufagia paa. Maji ya bomba yanasukumwa kwa mashine kutoka vyanzo vya bondeni kama Mitema, kazi iliyoanza miaka ya 1950, na mashine zikizimika, ndoo inapanda bei kabla ya habari kufika sokoni.

Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alikaa Newala na kushangazwa na jambo hilohilo: watu wengi, maji hakuna, wanawake wakishuka mteremko mkali na vyungu na kupanda navyo. Kwa mtu wa orodha ya sababu sita, huu ni wazimu. Nilimwuliza yule mama wa chumvi, tukiwa tumeshashuka stendi, kwa nini mababu hawakukaa huko chini kwenye maji.

"Chini kuna nini, mwanangu? Chini kuna maji tu."

Wamakonde wana hadithi ya asili yao inayosema jambo hilo kwa urefu. Mtu mmoja alikuwa peke yake porini, hajawahi kuoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mwanamke kwenye mti, akaisimamisha karibu na alipolala. Usiku ikapata uhai, wakawa mume na mke. Walishuka mtoni, Ruvuma, wakaoga, wakapata mtoto, akafa. Wakapanda kidogo, wakapata mwingine, akafa. Wakapanda tena hadi kwenye ukavu, kwenye kichaka kinene, na mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo, wosia: msikae karibu na maji, maji yana maradhi.

Wasomi huikimbilia hadithi hii kwa sababu ya uchongaji. Mimi naisoma kama taarifa ya bwana afya. Bonde la Ruvuma lina mbu wa malaria, lina mbung'o, lina mamba na kiboko. Lakini kuna kitu ambacho hadithi haikitaji na ambacho nadhani ndicho kilichoikaza: bonde lilikuwa barabara. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilifuata njia za chini kwenda Kilwa na Mikindani. Kisha wakaja Wangoni, ambao huku waliitwa Wamagwangwara. Mwaka 1882 waliivamia Masasi na kuiteka misheni iliyokuwa na watumwa walioachiwa huru. Juu ya uwanda kulikuwa na kichaka ambacho Livingstone, miaka 16 kabla ya hapo, alilazimika kuajiri Wamakonde wenye mashoka wampasulie njia humo hatua kwa hatua. Fikiria jeshi linalokimbia likiingia humo. Fikiria pia kwamba hakuna maji ya kuwanywesha wavamizi. Ukame wenyewe ulikuwa boma. Machemba, mtawala wa Kiyao aliyejikita Luagala, kwenye uwanda huuhuu, aliwasumbua Wajerumani mpaka mwaka 1899.

Watu walipanda kwa hofu, basi. Lakini hofu ile ilikufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado wako juu. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba sababu ya kufika na sababu ya kubaki ni vitu viwili, na orodha ya shule inavichanganya. Waliofika waliikimbia misafara. Wajukuu wao walikuta mti kutoka Brazil, ulioletwa upande huu wa bahari na Wareno, unaopenda mchanga usiotuamisha maji. Mkorosho ungekuwa na mdomo ungesema mlima huu uliumbwa kwa ajili yake. Leo mkulima ananyunyiza salfa mwezi wa Juni, anaokota Oktoba, anapeleka ghalani, anasubiri mnada. Anayeuza korosho ananunua maji. Anayekaa bondeni kwenye maji, anauza nini?

Jioni nilipelekwa Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa Newala ambapo ardhi inakatika ghafla na chini yake linafunguka bonde lote la Ruvuma. Nilisimama na vijana watatu waliokuja kupiga picha. Nyuma yetu redio, pikipiki, adhana, watoto. Mbele yetu kijani kibichi kilichonyamaza, mstari mweupe wa mchanga wa mto, na ng'ambo yake Msumbiji, buluu juu ya buluu. Sikuona hata moshi mmoja.

Upweke wa namna hiyo si lazima uwe wa asili, na hapa naomba nitoke njiani kidogo niende Liwale, kwa sababu ndiyo inayoshusha wastani wa Lindi. Magharibi ya Liwale kulikuwa na watu. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata viliwapunguza sana. Waliobaki, serikali ya Kiingereza iliwahamisha miaka ya 1940 kwa hoja ya malale, na ardhi yao ikaingizwa kwenye pori la akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii huambiwa hapo ni mahali ambapo binadamu hajawahi kugusa. Aliguswa yeye, akaondolewa. Ramani ya msongamano inapopakwa rangi hafifu kule, rangi ile ina mwaka na ina saini.

Nilirudi pwani siku ya tatu, nikaenda Msimbati. Hapa mchanga ni mweupe wa kuumiza macho, minazi imeinamia maji, na katikati ya minazi kuna uzio, na ndani ya uzio visima vya gesi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa chini ya ardhi zaidi ya miaka 20 bila kumwita mtu. Kisha ikaita. Miaka ya mwanzo ya 2010, kampuni zilipopata gesi nyingine baharini, mji wa Mtwara ulijaa watu wenye mabegi ya kompyuta. Kodi za nyumba zikapaa, na wenyeji wakawa na msemo mmoja kila kona: Mtwara kuchele, yaani kumekucha. Mei 2013, siku makadirio ya nishati yaliposomwa bungeni na kuthibitisha kwamba gesi itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, mji uliwaka. Jeshi liliingia, watu walikufa. Miaka miwili baadaye bomba lenye urefu wa zaidi ya kilometa 500 lilikuwa tayari.

Siwezi kusema waandamanaji walikuwa wamesoma jiografia ya uchumi, lakini hoja yao ilikuwa ya msingi kabisa: mali ikikaa mahali, watu watakuja, mali ikisafiri, watu wataifuata. Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022. Manispaa ya Mtwara Mikindani, karibu 147,000. Haki nayo isemwe: mji haukufa. Kiwanda cha saruji cha Dangote kinafanya kazi tangu 2015, na siku hizi malori ya makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma yamejipanga barabarani kuelekea bandari ile ya karanga, ambayo hatimaye imepata mzigo. Viwanja vya Mzungu vinajazwa, kimoja kimoja.

Wavuvi wa Msimbati hawajali sana hayo. Wao wanahesabu watu kwa pepo. Kusi likichachamaa, wengine hubaki nyumbani kushona nyavu; bahari ikitulia, nusu ya vijana wako dagoni, kwenye kambi za makuti visiwani na kwenye fukwe za mbali, miezi kadhaa, wakila, wakikausha samaki, wakiuza hukohuko. Siku niliyofika, kijiji kilikuwa na wanawake, wazee na watoto tele, na wanaume wa umri wa kuoa wachache mno. Mtu angekuja siku ile na daftari angeandika maajabu.

Kutoka Msimbati pwani inapinda kusini hadi mlango wa Ruvuma, na hapo mikoko inatawala. Mkandaa, mchu, mkoko wenye miguu kama buibui. Tope linalomeza goti. Kaa, kamba, ndege weupe. Tangu 2000 eneo lote hili ni hifadhi ya bahari, lakini hata kabla ya sheria mikoko ilijilinda yenyewe: watu waliingia kukata fito na kutega, wakatoka. Na mto unaomwagika hapo, wenye urefu wa kilometa 800 hivi, haukuweza kujenga hata gati dogo. Livingstone aliujaribu mwaka 1861 na meli yake Pioneer. Maji yakapungua chini ya meli, ikabidi warudi. Mto usiopitisha meli hauwi na mji mlangoni.

Nilimalizia Kilambo, kwenye kivuko. Novemba Ruvuma ni mchanga mwingi wenye maji kidogo katikati; boti inasukumwa kwa pondo, inakwama, abiria wanashuka na kuisukuma, wanapanda. Wanaokwenda ng'ambo hubeba sabuni, nguo, pikipiki mpya. Wanaokuja hubeba samaki wakavu na habari. Pande zote mbili ni Wamakonde. Miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974, maelfu walivuka kuja huku na wengi hawakurudi, na vijiji vya mpakani vilikusanywa pamoja ili vilindwe. Wamakonde wengine walishaenda mbali zaidi, kwenye mkonge na miwa ya Kwale nchini Kenya, ambako wajukuu wao walikaa bila uraia mpaka Desemba 2016 walipotambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi ile.

Kisha hofu ilirudi bondeni. Oktoba 2020 washambuliaji kutoka Msumbiji walivuka mto na kukiingilia kijiji cha Kitaya, magharibi ya hapa; Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mto, ukashambuliwa na watu wakakimbilia mtoni kwa maelfu. Mashamba ya bondeni, yenye udongo mweusi unaotoa mpunga bila kuombwa, yalikaa bila wenyewe. Wamerudi sasa, lakini kwa tahadhari ya mababu: wanashuka alfajiri, jua likiinama wanapanda.

Mzee mmoja tu nilimkuta bado yuko shambani saa kumi na mbili jioni. Alikuwa ameketi juu ya dungu lake, kando ya bustani ya maboga na miwa, na debe tupu na fimbo ya kulipigia. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba na kuniambia nipande, ngazi ni imara kuliko inavyoonekana. Analinda kiboko, alisema. Nyumba yake iko juu, dakika arobaini kwa miguu. Dada zake wako ng'ambo. Mashamba yake yako hapa katikati. Nikaona nimepata mtu wa kumwuliza swali lililonisumbua tangu Msimbati.

"Babu, sensa ile ya juzi walikuhesabia wapi?"

Alifikiri. Karani alikuja nyumbani mlimani, mke wake akasema mume wangu hakulala hapa, yuko bondeni. Karani, kijana mwenye bidii, akateremka mpaka bondeni. Majirani wakamwambia babu amevuka. Kweli alikuwa amevuka. Dada yake mkubwa alikuwa amefiwa na mume, akalala matanga siku nne. Na sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23.

"Na kule ng'ambo walikuhesabu?"

"Kule hawakuwa wanahesabu."

Nilitoa daftari, nikafungua ukurasa wenye 1,634,947, nikakata saba na kuandika nane. Nikamwonyesha. Aliutazama ukurasa kwa muda, akalishika debe lake, maana majini kulikuwa kumeanza kusikika mkoromo. Akaniuliza, bila kucheka, kama serikali ina daftari la viboko, kwa sababu huyu wake anakula Tanzania lakini analala Msumbiji.